Aliyechoka Bila Kupata

Ndugu msomaji, wewe na mimi tulifundishwa methali moja tangu shule ya msingi: mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Nimeiandika kwenye insha mara nyingi, na kila mara mwalimu alinipa tiki. Leo nina miaka 26, nimemaliza kidato cha nne, naishi Dongobesh, natoa fotokopi kwenye kaduka ka steshenari karibu na stendi, na usiku naandika riwaya. Nikiitazama ile methali sasa naona ina tundu. Inamjua mtafutaji wa aina moja tu, yule aliyepata. Je, aliyetafuta akachoka na hakupata? Huyo tumwite nani? Mzembe? Mwenye mkosi? Na akirudi nyumbani mikono mitupu anadaiwa nini, na sisi tuliobaki nyumbani tunadaiwa nini naye?

Swali hili sikulitoa kwenye kitabu cha falsafa. Limenijia kwa njia mbili ambazo hazifanani hata kidogo: jua, na kaka yangu. Nianze na jua.

Huku kwetu milimani asubuhi ni baridi, na jua likichomoza watu wanaligeukia bila kuambiwa. Marehemu bibi yangu alikuwa akisimama mlangoni, uso mashariki, anasema maneno machache ya Kiiraqw kabla hajagusa jembe. Alikuwa Mkristo, kadi yake ya kanisa tunayo mpaka leo. Lakini Looaa, jina la Mungu la wazee wetu, halikai mbali na jua, na wazee humtaja kama mama. Sikuwahi kumuuliza bibi anatafuta nini kule. Nilidhani anaota jua tu.

Kumbe wako watu wengine waliolielekea jua hivyo hivyo, asubuhi na jioni, kwa miaka 18. Hao hawakuwa wazee wa Mbulu. Walikuwa wanafizikia wa CERN, kituo cha utafiti kilichoko karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mtambo wao uliitwa CAST. Ulianza kukusanya vipimo mwaka 2003, ukaacha mwaka 2021. Walichokuwa wanakitafuta kinaitwa aksioni, na hakuna binadamu aliyewahi kuiona.

Aksioni ndiyo nini? Nitasema kwa lugha ya kijiweni, walimu wa fizikia mnisamehe. Ndani ya kiini cha atomu kuna nguvu kali inayoshikilia vitu pamoja. Kwa hesabu za wataalamu, nguvu hiyo ingeweza kabisa kupendelea upande mmoja, isiitendee maada sawa na kinyume chake. Vipimo vinaonyesha haipendelei hata chembe. Ni kama kukuta mzani wa sokoni umesawazika pasipo hitilafu yoyote, na muuzaji anakuapia hakuugusa. Mwaka 1977 Roberto Peccei na Helen Quinn walipendekeza utaratibu unaousawazisha mzani huo. Mwaka 1978 Steven Weinberg na Frank Wilczek, kila mmoja kwa njia yake, wakaona kwamba kama utaratibu huo ni wa kweli, basi lazima iwepo chembe mpya. Wilczek akaipa jina la sabuni ya kufulia ya Marekani iliyoitwa Axion, kwa kuwa ilikuwa inaondoa doa kwenye hesabu. Sabuni, bwana!

Sasa, kama aksioni zipo, jua lingekuwa linazitengeneza katikati yake, ambako joto linafika nyuzi milioni 15 hivi. Mwanga unaozaliwa kule hautoki moja kwa moja. Unagongwa huku na huku kwa maelfu ya miaka kabla haujafika juu. Aksioni ingepenya tu, ifike kwetu kwa dakika kama nane, ipite kwenye bati, kwenye ukuta, kwenye mwili wako na wangu, isiache alama. Utaikamataje? Mwaka 1983 Pierre Sikivie alitoa wazo: itegee sumaku yenye nguvu sana njiani. Ndani ya sumaku hiyo, mara chache mno, aksioni ingeweza kugeuka kuwa eksirei, mwali wa jamii ile ile ya kupigia picha mfupa hospitalini. Ukihesabu eksirei nyingi kuliko zinavyostahili kuwa, huenda umepata mgeni.

Watu wa CAST walichukua sumaku iliyokuwa imetengenezwa kwa majaribio wakati wa maandalizi ya mtambo mkubwa wa CERN. Urefu wake ulikuwa karibu mita 10, nguvu yake kama tesla 9, na ili ifanye kazi ilipozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Wakaiweka juu ya jukwaa linaloweza kuzunguka. Kwa uzito wake haikuweza kuinuka wala kuinama zaidi ya nyuzi nane hivi, kwa hiyo ililifuata jua kama saa moja na nusu linapochomoza, na saa moja na nusu linapozama. Tena ilikuwa ndani ya jengo. Walilielekea jua kupitia ukutani. Mara mbili tu kwa mwaka jua lilipita kwenye usawa wa dirisha, ndipo wakapata nafasi ya kuhakikisha kwa kamera kwamba mtambo unaelekea kweli kule unakodhaniwa kuelekea.

Na saa nyingine zote, ambazo sumaku hailifuati jua? Hawakulala. Walihesabu eksirei zinazotokea hivi hivi tu, ili wajue kelele za kawaida ni kiasi gani. Jambo hili lilinigusa kuliko ile sumaku. Kabla ya kusema umeona kitu, lazima ujue ungeona nini kama kitu hicho hakipo.

Matokeo? Eksirei walizohesabu wakilielekea jua hazikuzidi zile za kawaida. Hawakuona aksioni.

Niliwasimulia washikaji kijiweni, pale wanapokaa vijana wa bodaboda. Mmoja akasema, "Miaka 18! Hao wamekula hela za watu." Mwingine akasema, "Si wangezuga tu kwamba wameona? Nani angekwenda kuhakikisha?" Tukacheka wote, na mimi nikacheka. Usiku ndipo kicheko kilinigeukia, maana kwetu nyumbani yuko mtu aliyefanya hivyo hivyo.

Kaka yangu aliondoka Dongobesh mwaka 2014 kwenda Mirerani. Mkoa ni huo huo wetu wa Manyara, ila kutoka kwetu ni safari ya kuamkia basi la alfajiri. Tanzanaiti, kwa jinsi inavyojulikana hadi leo, inachimbwa pale tu katika dunia nzima. Kaka akawa mwanaapolo. Kazi yenyewe haina mshahara wa mwisho wa mwezi: unashuka shimoni, unapewa chakula, na mgodi ukitema unapata mgawo wako. Baada ya muda yeye na wenzake watatu walitaka kuingiza fedha kwenye shimo moja dogo ili mgawo wao uwe mkubwa. Ilihitajika hela ya mafuta ya jenereta. Baba akauza ng'ombe. Mwaka uliofuata akauza wa pili. Kila kaka alipopiga simu baba alikuwa na swali moja tu: "Mmepata?" Na kaka alikuwa na jibu moja: "Bado mzee, ila mwamba umebadilika. Tunakaribia."

Halafu ukaja Juni 2020. Mwezi ule yalitokea mambo mawili, moja tulilisikia wote, la pili nimekuja kulijua baadaye.

La kwanza ni la Mirerani. Mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Redio zote, simu zote, ni Laizer tu. Hapa Dongobesh watu waliokuwa wanapalilia vitunguu waliacha majembe wakahesabu sifuri za bilioni. Baba alihesabu ng'ombe zizini. Kaka alipopiga simu na kusema tena "tunakaribia", ng'ombe wa tatu aliondoka wiki ile ile.

La pili ni la Italia. Chini ya mlima wa Gran Sasso kulikuwa na mtambo mwingine, XENON1T, pipa kubwa la zenoni iliyopozwa hadi ikawa maji maji, likisubiri chembe zipite na kuacha vimulimuli vidogo. Katika eneo fulani la vipimo walitarajia kuhesabu matukio 232. Wakahesabu 285. Ziada! Na maelezo mojawapo ya ziada ile yalikuwa aksioni kutoka kwenye jua. Hebu jiweke mahali pao. Umetafuta miaka na miaka, na leo namba imepanda. Dunia nzima inakutazama. Wao walisema hivi: tumeona ziada, inaweza kuwa aksioni za jua, inaweza kuwa tabia ya nyutrino tusiyoijua, na inaweza kuwa uchafu tu, yaani tritiamu kidogo mno iliyoingia kwenye pipa, ambayo hatuna njia ya kuipima wala kuikana. Wakatengeneza mtambo mkubwa na safi zaidi. Mwaka 2022 wakahesabu upya. Ziada haikuwepo. Wakatangaza kwamba haipo, tena hadharani, wao wenyewe.

Mwaka huo huo wa 2022 alirudi jirani yetu kutoka Mirerani, akaja kumsalimu baba. Katika kuongea ikatoka kwamba kaka aliacha kuchimba tangu mwaka 2018. Shimo lao lilikwisha, wenzake walitawanyika, yeye akaenda Arusha kusukuma mkokoteni. Kwa hiyo ule mwamba uliokuwa unabadilika mwaka 2020 haukuwa chini ya ardhi. Ulikuwa kwenye simu. Baba hakusema neno. Alitoka akaenda zizini, akakaa huko mpaka giza. Tangu siku ile simu ya kaka haipatikani.

Ni rahisi kuhukumu hapa. Wazungu wakweli, kaka mwongo, tufunge daftari. Nilihukumu hivyo mwaka mzima. Sasa siamini tena kwamba wale wa maabara wamezaliwa na mioyo mieupe kuliko wa kwetu. Nao wana watoto wa kulisha, wana wakubwa wanaowauliza, wana majina ya kulinda. Kinachowatenganisha na kaka nadhani ni vitu viwili.

Cha kwanza ni swali walilokuwa wanaulizwa. CAST hawakuulizwa "mmepata?" peke yake. Waliulizwa pia: mlitafuta wapi, kwa chombo gani, kwa muda gani, na mna uhakika kiasi gani? Ndiyo maana waliweza kujibu hata bila kupata. Mwaka 2017 walichapisha jibu lao kwenye jarida la Nature Physics: kama aksioni zipo, basi uwezo wake wa kugeuka kuwa mwanga hauzidi kiwango fulani, na uhakika wetu ni asilimia 95. Hata uhakika wenyewe waliupima! Mwaka 2024, mtambo ukiwa umeshazimwa, wakachapisha vipimo vya mwisho wakakishusha kikomo chenyewe chini zaidi. Anayekuja nyuma yao, na upo mtambo mkubwa zaidi unaoandaliwa uitwao IAXO, hana haja ya kuchimba shimo lile lile. "Hatukuona" yao ina mipaka kama shamba, unaweza kulizunguka kwa miguu. Sisi kaka tulimwuliza swali lenye majibu mawili tu, ndiyo au bado. Hakuna hata siku moja mtu wa nyumbani aliyemwuliza: mmefika mita ngapi? Mmechimba kuelekea wapi? Wewe mwenyewe unaonaje? Na mimi sitajitoa humo. Aliniahidi kompyuta ya kuandikia riwaya. Kila aliposema "tunakaribia", mimi nilisikia kompyuta.

Cha pili nilionyeshwa na mama. Jioni moja nilimsimulia habari za watu wa Geneva, kwa Kiiraqw, ile sumaku nikiifananisha na gogo. Alisikiliza huku anachambua maharage. Kisha akauliza:

"Hao waliokosa, walirudi kwao?"

"Walirudi, mama."

"Wakapikiwa?"

"Wakapikiwa."

Akakaa kimya kidogo. "Basi hao wana kwao," akasema, akaendelea na maharage yake.

Mimi nasema ukweli ni kitu cha gharama, na mtu huweza kuulipia akiwa na pa kurudi. Kaka alijua kwamba akisema "tumekosa" anarudi kwenye zizi lenye nafasi mbili tupu na kijiji kinachouliza "umeleta nini?". Kwa hiyo alikopa siku moja, halafu siku nyingine, mpaka deni likawa miaka. Simtetei. Ng'ombe wa tatu ni wizi, na aliyeibiwa ni mzee anayekohoa. Kama mwaka 2018 angesema "tulichimba, tukafika hapa, hakuna kitu", ng'ombe yule angekuwepo, na baba angebaki na mwana. Lakini deni hili lina pande mbili. Mtafutaji anadaiwa kusema kweli alipofika. Na waliomtuma wanadaiwa kuufanya ukweli huo uweze kusemeka. Upande mmoja usipolipa, usishangae wa pili nao kushindwa.

Utaniambia: lakini wako waliovumilia mpaka wakapata! Ni kweli. Yuko Raymond Davis, Mmarekani aliyeingia kwenye mgodi wa dhahabu wa Homestake, karibu mita 1,500 chini ya ardhi, kutafuta nyutrino za jua. Fikiria, mtu anashuka mgodini kulitafuta jua! Pipa lake lilikuwa na lita kama 380,000 za dawa ya kusafishia nguo. Tangu mwaka 1968 alipata theluthi moja tu ya nyutrino zilizotarajiwa. Watu walidhani amekosea yeye, au wamekosea waliopiga hesabu za jua. Yeye aliendelea kutangaza theluthi yake miaka nenda miaka rudi, hakuiongeza imfurahishe mtu. Mwaka 2001 na 2002 vipimo vya Kanada vikaonyesha kwamba nyutrino hubadilika aina njiani, na pipa la Davis lilikuwa linaona aina moja. Mwaka 2002 akapewa Tuzo ya Nobel akiwa na miaka 88. Alishiriki tuzo hiyo na Masatoshi Koshiba wa Japani, na Riccardo Giacconi, ambaye setilaiti yake ya kutafuta eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya.

Hadithi ya Davis ni tamu, lakini sitaki kuiegemea. Ni tamu kwa sababu ina mwisho mzuri, na inaturudisha kwenye ile methali: hakuchoka, akapata. Swali langu linamhusu yule ambaye mtambo umezimwa na hakupata. Davis aliyeandika theluthi yake mwaka 1968 bila kujua kama tuzo itakuja, na wa CAST walioandika "hatukuona" mwaka 2017, ni watu walewale kwa kipimo cha wema. Mmoja dunia ilimgeukia baadaye. Wema wake haukuanza siku ya tuzo.

Na mimi je? Jamani, nikisema ya kaka niseme na yangu. Miaka mitatu sasa watu wananiuliza, "Mwandishi, riwaya imefika wapi?" Na miaka mitatu nimejibu, "Nimebakiza sura mbili." Huo ndio mwamba wangu unaobadilika. Mama amewaambia kina mama wa jumuiya kwamba kitabu kinatoka. Sijakopa ng'ombe, ila nimekula ugali wa usiku mwingi kwa jina la sura mbili.

Wiki iliyopita nilimpata konda wa basi la Arusha, mtu anayemjua kaka kwa sura. Nikampa karatasi. Sikuandika mengi: "Kaka, njoo. Mama anasema uje. Baba hajasema kitu, lakini nilipomwambia nakuandikia hakunikataza. Hatutakuuliza umepata nini. Tutakuuliza mlifika wapi." Konda akaikunja akaiweka mfukoni pamoja na risiti za mizigo. Sijui kama itafika.

Nami, ili nisimtake mwenzangu afanye nisilolifanya, naandika hapa mbele yako, ndugu msomaji. Nina kaunta buku moja ya kwaya tatu. Sura zilizosimama ni nne. Sura ya tano nimeianza mara tatu, na mara tatu imekufa pale ambapo kijana wa hadithi anatakiwa kurudi nyumbani, kwa sababu sijui watamwambia nini mlangoni. Zaidi ya hapo sina. Nimefika hapo.